Shingo za Kanzu Thelathini

Fundi Badawi alikubali kazi asiyoiweza kwa sababu moja tu: watu walikuwa wakimsikiliza.

Ilikuwa Mfungo Nne, mwaka wa hamsini na sita, na Maulidi ya Mfungo Sita yalikuwa bado miezi miwili. Mwalimu Abdulqadir, mkuu wa madrasa ya mtaani, alisimama mbele ya baraza ambako Badawi huweka cherehani yake kila siku, akasema kwamba mwaka huu kanzu za wapiga dufu, zote thelathini, anazitaka zidariziwe shingoni kwa hariri. Maua na majani, si ule mshono mmoja mkavu wa miaka yote.

"Utaweza, Badawi, au nitume Mombasa?"

Barazani walikuwapo wanaume watano na dele la kahawa. Babake Badawi alishona kanzu za Maulidi mpaka alipokufa, na tangu hapo kazi ilikuwa ya Badawi, hakuna aliyemshindania. Angesemaje hawezi, na Yunusi seremala amekaa pale ametega sikio?

"Mombasa wana nini?" alisema. "Niachie mimi, Mwalimu."

Mwalimu alipokata kona, Badawi akaanza hesabu. Shingo moja kwa mkono, ikiwa ya kuonekana na watu, ni siku sita. Hata Alawiya mkewe akimsaidia kwa sindano tangu asubuhi mpaka magharibi, bado wapiga dufu kumi wangeingia uwanjani shingo tupu. Na kazi ile ikienda Mombasa mara moja, haitarudi tena.

Kama angalimkimbilia Mwalimu na kumwambia ukweli, mambo yangaliishia hapo. Hakukimbia. Mwanamume akishajisifu mbele ya wenzake huona afadhali aumbuke miezi miwili baadaye kuliko kurudisha neno lake sasa hivi. Huo wenyewe huuita uanaume. Ni kiburi kilichovaa kanzu.

Badawi alikuwa na miaka arobaini na minane, mwembamba, utepe wa kupimia shingoni tangu alfajiri hadi jioni, sindano tatu zimechomekwa ukingoni mwa kofia. Cherehani yake ya miguu aliirithi kwa babake, na pamoja nayo alirithi sheria: mwanamke haigusi. Marehemu alikuwa akisema kwamba kuikanyaga huharibu tumbo la uzazi. Badawi hakuwahi kuuliza ni nani aliyemwambia. Basi kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa Alawiya alishona kofia kwa mkono ghorofani, vitundu vidogo mamia kwa mamia, na mumewe alikanyaga cherehani barazani. Mtu akiisifu kofia na kuuliza ni kazi ya nani, Badawi hujibu, "Ya nyumbani," kwa kuwa waungwana wa Mkomani, mtaa wao hapo Lamu, hawatangazi jina la mke mbele ya watu. Na kwa kuwa wake hao hawatoki mchana, waume wenyewe ndio huenda sokoni na kikapu, wakabonyeza samaki, wakatikisa nazi, wakagombana na wauza ndimu. Hilo nalo waliliona la kiume kabisa.

Wiki ile ile mashua ya kutoka Mokowe, upande wa bara, ilimleta Bwana Barka, wakala wa kampuni ya cherehani ya Mombasa. Alishuka na suruali, tai, viatu vya kung'aa na kamera begani. Nyuma yake alikuja mkewe Bi Radhiya ndani ya buibui, na nyuma ya mkewe punda wawili na makasha matatu. Kabla ya adhuhuri alikwisha kutundika matangazo ya kadi ngumu tangu gatini mpaka msikitini. Kila moja lilichorwa bibi wa Kizungu, midomo myekundu, viatu vya visigino virefu, anacheka peke yake mbele ya cherehani. Chini yake maneno: ZAWADI YA MUME MWEMA KWA MKE MWEMA. KAZI LAINI KWA MIKONO LAINI. INASHONA, INADARIZI. MAFUNZO BURE KWA AKINA MAMA.

Badawi alilitazama kwa jicho la ufundi. "Hajatia uzi," alisema. "Anacheka nini huyu? Sindano haina uzi."

Yunusi seremala alikuwa ameona mengine. "Kazi laini kwa mikono laini! Kumbe miaka yote hii twakaa na mama wa nyumbani hatuna habari! Hebu lete mikono tuione."

"Utaiona ikikujia usoni."

"Usikasirike, Bi Badawi, wanja utachuruzika."

Baraza zima likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Badawi aliinama akajifanya anapaka mafuta cherehani. Uongo wa zamani ulisema kazi ile ni nzito mno kwa mwanamke. Uongo mpya ulisema ni nyepesi mno kwa mwanamume. Wa kwanza aliurithi, wa pili uliletwa kwa punda, na hakuna hata mmoja uliouliza mgongo wa mtu anayeifanya. Lakini Badawi hakuwa na nafasi ya kuyapima hayo. Neno moja la tangazo lilikuwa limemganda kichwani: inadarizi.

Alimkuta Bwana Barka gatini, anafuta vumbi viatuni.

"Bwana Barka, nataka unifundishe kudarizi kwa hiyo cherehani."

"Wewe?" Barka alimtazama toka kofia hadi makubadhi. "Bwana, hiyo ni ya akina mama."

"Mimi ni fundi. Nimeshona tangu hujazaliwa."

"Sikatai. Lakini kampuni imeandika akina mama. Na nikwambie kweli, mimi sijui hata kutia uzi. Mimi ni mtu wa kuuza. Anayefundisha ni nyumbani kwangu."

"Basi mwombe yeye anifundishe."

"Nimwombe mke wangu akae akuelekeze mikono, Bwana Badawi? Mtu mzima kama wewe?"

Badawi aliomba radhi haraka haraka. Alikuwa amefikiria sindano tu.

Masomo yalifanyika ghorofani kwa Bi Mwanamkisi, mjane mwenye nyumba tano za kupangisha, kwa siku tatu, kila siku baada ya adhuhuri. Wanawake walifika kupitia wikio, ule ujia wa juu unaoziunganisha nyumba bila mtu kukanyaga njia. Siku ya kwanza Badawi alikwenda akakaa kwenye daka la nyumba hiyo, pale mlangoni chini, kama mtu anayepumzika kivulini. Alisikia cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia, halafu kicheko. Mlio aliuelewa kidogo. Kicheko hakukielewa hata kidogo. Mara kichwa cha Bi Mwanamkisi kikatokeza dirishani, kimefunikwa leso.

"Nani dakani? Bwana Badawi? Umepotewa na kuku?"

"Napumzika tu, Bi Mwanamkisi. Yeo yua ni kali."

"Kwako paa limeanguka?"

"La."

"Basi kapumzike kwako. Huku wamo watoto wa watu."

Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa na ngazi kumi na nane za kupanda. Alawiya alikuwa anamaliza ukingo wa kofia. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Wataka nikajifunze cherehani."

"Siku mbili zilizobaki tu. Ukirudi unieleze."

"Si huharibu tumbo?"

"Baba alisema hivyo."

"Baba, Mungu amrehemu, tumbo la mwanamke alilijuaje?"

Badawi alitazama boriti za dari.

"Dada yako wa Malindi," Alawiya aliendelea, "hajaiona cherehani kwa mato yake. Mbona hakujaliwa mtoto?"

"Alawiya, Maulidi yanakuja."

"Nasikia. Nitakwenda. Lakini nikirudi nikakwambia jambo, usinijibu 'mimi ni fundi.'"

"Sitajibu."

"Na chakula?"

"Nitakula chochote."

"Sikuuliza utakula nini. Nauliza nani atapika."

Swali hilo halikujibiwa siku hiyo.

Siku ya tatu Alawiya alirudi kupitia wikio, akavua buibui, akanywa maji, akakaa. Badawi alikuwa amemsubiri kama mtu asubiriye hukumu.

"Cherehani ile haidarizi," alisema.

"Imeandikwa inadarizi!"

"Imeandikwa. Inayodarizi ni mikono. Bi Radhiya amekitoa kile kichuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Yale meno yanayovuta kitambaa ameyafunika. Kitambaa amekibana katika duara la mti, kimekaza kama ngozi ya dufu, kisha anakisogeza mwenyewe kokote atakako. Sindano kazi yake kupanda na kushuka. Kichuma cha cherehani yetu hakitoki?"

Maneno "mimi ni fundi" yalifika nyuma ya meno ya Badawi, yakageuka, yakarudi yalikotoka.

"Chatoka," alisema. "Ni skurubu moja."

Ikawa cherehani mpya, pamoja na mume wake mwema na mke wake mwema, haina jambo ambalo ile ya marehemu haikuwa nalo. Tatizo lilikuwa mahali. Ya marehemu ilikaa barazani, mbele ya kila apitaye, na Alawiya asingekaa pale. Kwa hiyo saa tatu ya asubuhi, mtaa ukiwa umejaa, Badawi na Yunusi waliibeba ikapanda juu.

"Umeachishwa kazi, Badawi?" aliuliza mpitaji.

"Amehamishiwa jikoni," alijibu Yunusi kwa niaba yake.

"Nyanyua upande wako wewe!"

Kufunika yale meno walihitaji kitu chembamba kigumu. Tangazo moja lilikuwa limeanguka kutoka ukutani mwa jirani, na Badawi alikuwa ameliokota. Alawiya akalikata kwa mkasi, na uso wa yule bibi ukaingia chini ya sindano na kicheko chake.

"Sasa amepata kazi," alisema.

Badawi alianza yeye, kwa heshima ya umri wa mikono yake. Mikono ile ilikuwa imekwenda mstari ulionyooka kwa miaka thelathini. Ikitakiwa kuzunguka jani, ilinyooka. Ilisubiri kitambaa kivutwe, na hakuna cha kukivuta. Sindano ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, ya tatu ikamruka mpaka kwenye mkeka. Ya nne ilipokatika alijiondoa kitini mwenyewe. Alawiya akakaa. Yeye hakuwa na mazoea ya zamani ya kuyasahau. Alikuwa amezungusha uzi maisha yake yote. Ua lake la kwanza lilipinda, la pili likakaa sawa, la tatu Badawi alilipeleka dirishani, akaligeuza nyuma kuangalia fundo, kama anavyokagua kazi ya mshindani. Hakuona kasoro. Alitafuta tena.

Wakapangana. Asubuhi Alawiya alidarizi shingo. Baada ya alasiri Badawi alirudisha kichuma, akashona miili ya kanzu. Na kwa kuwa chakula cha mchana hakijui Maulidi, lile swali la Alawiya sasa lilijijibu lenyewe: asiyekuwa kwenye cherehani ndiye aliye jikoni.

Siku ya nne Bi Mwanamkisi alipitia wikio kuja kuazima tupa, akamkuta Badawi amekaa juu ya mbuzi, kanzu ameifunga kiunoni, anakuna nazi, chicha mpaka kwenye ndevu.

"Bwana Badawi! Alawiya yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Na wewe?"

"Mimi pia, Bi. Zunguka huko, usinimwagie tui."

Kabla ya Magharibi Mkomani nzima ilikuwa na habari. Ni jambo la kushangaza ukilifikiri. Mtu huyu alinunua nazi sokoni mbele ya mji mzima miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemcheka. Alipoikuna nazi ile ile nyumbani kwake, akachekwa. Heshima ya mwanamume, kumbe, huishia kwenye ganda.

"Wali wa yana ulikuwaje, Bi Badawi?" Yunusi alimuuliza barazani.

"Uliungua chini. Njoo kesho, utakuwa umenikaa mkononi."

Mzaha ukikosa wa kuumia huchoka haraka, na baada ya wiki mbili watu walirudi kwenye bei ya samaki.

Siku nane kabla ya Maulidi kanzu thelathini zilipelekwa madrasani, zikatandazwa kwenye mkeka baada ya sala ya Alasiri. Walikuwapo wapiga dufu, wazee wa mtaa, watu kama arobaini. Maua ya hariri yalizunguka kila shingo na kuteremka kifuani kwa jani moja moja. Mwalimu Abdulqadir alipitisha kidole juu yake taratibu.

"Babako alikuwa hodari," alisema. "Lakini hakufika hapa. Kazi hii ni yako mpaka utakapochoka mwenyewe, Badawi. Mombasa tumewasahau."

Badawi alishusha pumzi aliyoibana tangu Mfungo Nne. Alilolitaka alikuwa amelipata, tena mbele ya wale wale waliomsikia akijisifu.

Bwana Barka naye alikuwapo na kamera yake. Mambo hayakumwendea vizuri. Waume hawakununua, kwa kuwa cherehani ni kazi ya mafundi. Mafundi hawakununua, kwa kuwa tangazo limesema ni ya akina mama. Alimvuta Badawi pembeni.

"Sema umezidarizi kwa cherehani yetu," alinong'ona. "Moja itabaki kwako, bure. Nakupiga picha, unatoka kwenye kalenda, nti nzima wakuone."

"Si uliniambia ni ya akina mama?"

"Tutaandika mengine. FUNDI MWEMA. Maneno ni yetu, Bwana, tunayapanga tutakavyo."

Badawi hakusema ndiyo. Hakusema la vilevile, na hilo lazima lisemwe.

Madrasa ile ilikuwa na desturi yake: kanzu za Maulidi hazivaliwi mpaka aliyezitengeneza aombewe dua, kwa jina lake na jina la babake. Mwalimu aliinua viganja, na watu wote wakainua.

"Ewe Mola, ibariki mikono ya mja wako Badawi bin Kamaludin, iliyozipamba nguo hizi…"

Viganja vya Badawi vilikuwa juu kama vya wengine. Sifa za barazani alikwisha kuzimeza nyingi maishani, nyingine zake, nyingine za kuokota. Lakini hii haikuwa sifa. Ilikuwa inapelekwa kwa Ajuaye ni nani aliyedarizi, na anwani imekosewa. Alishusha mikono.

"Mwalimu, ngoja."

Dua haikatizwi. Watu arobaini waligeuka.

"Kushona nimeshona mimi. Kupamba sikupamba. Shingo hizi ni kazi ya… ya nyumbani."

"Ya nyumbani," Mwalimu alirudia. Hakukasirika. Alisubiri. "Dua, Badawi, siwezi kuiombea nyumba. Nyumba ina kuta na milango. Nipe jina."

Katika miaka ishirini na miwili Badawi hakuwahi kulitamka jina lile mbele ya mwanamume asiyekuwa ndugu. Alimwona Yunusi, mdomo wazi, tayari kwa lolote. Alimwona Barka akitikisa kichwa polepole: usiseme. Haya ya kumtaja mke ni kitu kizuri ikiwa inamlinda. Ikiwa inamnyang'anya, si haya tena.

"Alawiya binti Ridhwani," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinua tena viganja, akaanza upya: "Ewe Mola, ibariki mikono ya mja wako Alawiya binti Ridhwani, iliyozipamba nguo hizi, na ya Badawi bin Kamaludin, iliyozishona." Na amina ya watu arobaini ikatoka kwa pamoja, ya Yunusi ikiwamo.

"Na cherehani?" Barka aliuliza dua ilipokwisha, kwa tumaini la mwisho. "Cherehani ilikuwa ipi?"

"Ya marehemu baba," Badawi alisema. "Lakini nakushukuru kwa ile kadi. Ilitufaa sana."

Barka aliondoka Lamu na makasha mawili. La tatu alilinunua Bi Mwanamkisi kwa kodi za nyumba zake, na alipoambiwa kwamba ni zawadi ya mume mwema alisema mumewe mwema amelala kaburini, naye anataka tu kushona mapazia.

Jioni ile Badawi alipanda ngazi. Alawiya alikuwa anafagia vipande vya uzi.

"Nimekutaja," alisema.

Ufagio ulisimama. "Wapi?"

"Madrasani. Katika dua."

"Mbele ya wanaume? Wangapi?"

"Kama arobaini."

Alawiya aliokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni.

"Na jina la baba ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Hawakulikosea?"

"Mwalimu alilitamka kama Kurani."

"Haya," alisema, akaendelea kufagia, lakini pembe moja ile ile aliifagia mara tatu.

Baada ya Maulidi Badawi alifikiri cherehani itarudi barazani. Aliinama kuishika upande mmoja, akamwambia Alawiya kwamba atamwita Yunusi kwa ule wa pili. Alawiya alimwuliza inakwenda wapi. Shingo sita za maharusi wa mtaa wa Langoni zilikuwa zimekwisha kuletwa kupitia wikio, na mbili za kutoka Faza, zote na jina la mtu aliyetakiwa kuzidarizi. Badawi aliiachia. Walijadiliana kwa siku mbili, na mara moja sauti zilipanda, kwa kuwa mtu hageuki malaika kwa dua moja. Mwisho wakakubaliana: asubuhi ya mke, alasiri ya mume, na jikoni kwa zamu.

Tangu hapo wapitaji wa asubuhi walimkuta Fundi Badawi barazani, miguu ameikunja, anatia vifungo na kupindia mapindo kwa mkono. Mgeni akimwuliza vipi fundi mkubwa kama yeye anashona kwa sindano kama hana chombo, hujibu bila kuinua macho:

"Chombo ninacho. Kina mtu."